Sehemu ya Nne

Kila Jumatano saa tatu usiku sebule yangu hujaa:
nusu ya Mikindani, viatu rundo mlangoni, feni imeshindwa,
wamekuja kumtazama mume wangu akijifunza kwenda.

Sehemu ya kwanza alitambaa matopeni.
Ya pili walinyolewa upara. Kumbe ana kovu kisogoni;
miaka tisa kitanda kimoja, sikulijua.
"Koplo Mwakio huyo!" watoto wakapiga makofi.
Ya tatu umeme ulikatika.

Leo wamepewa karatasi na kalamu.
Msimulizi, kwa sauti ile nzito ya kulipwa,
anasema barua hizi zitafunguliwa tu endapo.
Endapo, basi. Hakumalizia.

Kamera ikamnyemelea begani kama mwizi wa kuku.
Nikauona mwandiko wake uliolala ubavu,
nikaona *Wakesho*, koma,
kisha *Usi*

Tangazo la sabuni.

Usilie? Usiuze kiwanja cha Mazeras?
Usiolewe?

Mama Kadzo akauliza kama chai bado ipo.
Ipo, nikasema. Nikaingia jikoni,
nikawasha kiberiti, nikakishika tu,
hata moto ukanifikia kidole.