Fomu ya Kijani

Barua ya kwanza niliiandika kama dada.
Nipeni, nilisema, karatasi za usiku ule
mlipomvunja Dorsey mkono
nje ya duka la matairi, hapa hapa Kedron, Ohio.
Siku thelathini na moja, kisha mstari mmoja:
ombi lako halieleweki.

Ya pili niliiandika kama wakili.
Mimi si wakili. Mimi hupika shuleni,
trei mia tatu kabla ya saa sita mchana.
Nikataja sheria ya kumbukumbu za umma,
kifungu, na kijifungu ndani ya kifungu,
nikadondosha nukta kwa kiasi, kama chumvi.
Ombi lako ni pana mno.

Nikalikata. Usiku mmoja, barabara moja,
saa nne mpaka saa tano.
Hatuna karatasi yenye jina hilo.

Jina hilo.
Nililala nalo, nikaamka nalo,
nikalikoroga kwenye sufuria ya maharagwe.
Nilikuwa nimeomba "taarifa za kipigo,"
na ni kweli, ndani ya jengo lile hakuna kipigo.
Hajapigwa mtu tangu msingi uchimbwe.
Kuna kudhibiti. Kuna kusaidiwa kufika chini.
Kuna mkono laini na mkono mgumu,
na mara nyingine uso hukutana na lami,
kama watu wawili wanavyokutana benki.

Karani wa dirishani, Bi Halina Drozd,
miwani yake imegangwa kwa gundi,
alinisukumia risiti bila kunitazama.
Nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wa sisimizi:
omba Mwitikio wa Ukaidi. Fomu ya kijani.
Nilipoinua macho
alikwisha kumpigia mhuri mzee wa leseni ya mbwa.

Mwitikio. Wa. Ukaidi.
Nilijifunza kulitamka bila kutema mate.

Siku kumi na tisa.
Kurasa arobaini na moja, senti tano kila ukurasa,
dola mbili na senti tano, sikuomba chenji.
Nilizitandaza mezani jikoni.
Dorsey alikaa upande wa pili
na ule mkono usioweza tena kufungua kopo.

Wino mweusi umepita juu ya kila jina,
mnene, wa mtu anayepaka dirisha rangi
ili jirani asione.
Lakini mficha maradhi kifo humuumbua,
na huyu ameumbuliwa na visanduku.
Ukurasa wa kumi na saba. Hali ya hewa: theluji.
Viatu vya mhusika: kimoja.
Sababu ya kutumia nguvu:
mhusika aliinama ghafla.

Dorsey akaweka kidole pale, akakiacha.
"Kilichomoka nilipoteleza," akasema.
"Niliwaambia. Nilikuwa naokota kiatu."

Miaka miwili hakuwahi kuniambia habari ya kiatu.
Nilidhani tulikitupa hospitali.

Zake zilikuwa kurasa tatu tu.
Safari hii nilikuwa nimeomba mwezi mzima,
sijui kwa kukosea au kwa uchoyo,
na zile nyingine zilikuwa za watu:
kumi na wanne, mmoja ana miaka kumi na sita,
mmoja amevaa bangili ya wodi.
Nikachukua penseli nikahesabu
walioinama ghafla.
Tisa.
Tisa, katika mwezi mmoja wa baridi,
mji mzima unaokota vitu.

Dorsey amekwenda kulala. Ameacha taa.
Kesho ni siku ya pizza, watoto watanimaliza.
Nina stempu nne na kalamu inayovuja,
na ninaandika, kwa lugha yao, herufi kubwa wanapotaka kubwa:
Fomu zote za Mwitikio wa Ukaidi,
rangi ya kijani,
mwezi wa Februari.
Halafu nafuta Februari.
Naandika: mwaka.