Miguu ya Nyamizi

Habari za kipaji chake waulizeni wengine.
Mimi nilikuwa miguu yake.

Studio ilikuwa Nyakato, nyuma ya ghala la pamba,
kuta tumezivika magodoro,
na sakafuni trei langu la mbao:
kushoto changarawe, kulia mchanga wa ziwani.
Alhamisi saa tisa, taa nyekundu ikiwaka,
Nyamizi Lufungulo yuko mbele ya kipaza sauti, pekupeku juu ya zulia,
karatasi kaishika kwa ncha za vidole isije ikanong'ona.
"Nakwenda, wala sirudi," asema,
nami nyuma yake, ndani ya viatu vya kike vya mnadani,
naenda.

Hatua saba. Mlango. Tatu za mchanga.
Sengerema, niliambiwa, walizima mashine ya kusaga
wasikie kama atageuka.

Mwaka mmoja alikufa mara nne,
mara moja kwa kuzama katika beseni langu la bluu.
Wiki ile rambirambi ilivuka na kivuko kutoka Nansio:
furushi la dagaa, na noti mbili fundoni mwa leso.
Noti tulizirudisha.

Kisha Butimba wakamwita jukwaani.
Nikakaa safu ya mwisho, mikono haina kazi,
nikaipa karanga.
Akaingia. Mbao zikasema: ko, na baadaye, kro.
Ko.
Kro.
Mguu wa kushoto unachelewa, unaburura kisigino
kama mtu anayetoka chumbani asimwamshe mtoto.
Mimi, niliyejiita bwana wa masikio,
miaka sita nimemtembeza kama askari wa gwaride,
na hakunisahihisha hata siku moja.
Ukumbi ukapiga makofi. Mapajani nilijaa maganda ya karanga,
na pengine nilijaa aibu.

Watu wa filamu walikuja na mwavuli mweupe mkubwa,
wakamkalisha juu ya jiwe kule Kapripointi, ziwa linameta mgongoni.
Filamu tatu, na katika zote tatu ameketi:
kitandani ameketi, garini ameketi, kaburini kwa mumewe ameketi.
"Uso huu una soko," mwongozaji alisema,
wakamkata kiunoni kama picha ya pasipoti.
Bango lake pale Kirumba lililiwa na jua,
kwanza wekundu wa midomo, kisha macho,
yakabaki meno na bei ya tiketi.

Mimi nilikuwa Makoroboi, nauza vipuri vya redio.
Redio zenyewe zikaadimika. Nikauza chaja.

Mwezi uliopita kijana mmoja kanipigia:
mchezo wa kusikiliza, wa kwenye simu, sehemu kumi na mbili.
Ana hatua elfu nne ndani ya kompyuta, alisema, za viatu vyote,
hata za kwenye theluji,
ila mama amegoma. "Anataka aletwe mtu anaitwa Miguu. Ndiye wewe?"

Nilipanda Mabatini kwa ngazi za mawe, trei kichwani,
mchanga ukinimwagikia shingoni kidogo kidogo.
Kichwa chake chote mvi. Sauti imeshuka, imetulia chini
kama mashapo ya kahawa.
Nilikuwa nimeandaa samahani yangu tangu Pasiansi,
ndefu, yenye methali mbili.
"Leo," akaniwahi, "nitembeze ninavyotembea."
Akaangalia vile viatu mkononi mwangu, akavitambua.
"Ule mwendo mwingine niliupenda.
Ulikuwa likizo yangu."

Taa nyekundu. Kulia nikakanyaga, kushoto nikaburura.
Akasimamisha kila mtu, kashika mbavu kwa kicheko:
"We Miguu! Nachechemea mimi, sijalewa."

Kijana akarudisha mwanzo.
Nikafuta jasho. Nikasawazisha changarawe kwa kiganja.
Ko.
Nikangoja.