Mawe ya Mizani

Guku, kwenye kibanda chako cha Makoroboi
sasa wanauza makava ya simu.
Nilipita Jumanne. Ndoano ya dari bado ipo,
ile uliyotundikia mizani za pamba
zilizoletwa kwa baiskeli kutoka Magu na Misungwi
zikiwa zimefundishwa uongo.

Zimefundishwa, ulikuwa ukisema. Chuma hakizaliwi mwizi.
Ulilifungua tumbo la mizani kwa bisibisi ndogo,
ukatoa kipande cha risasi kilichofichwa na karani,
ukakitia kwenye kopo la kahawa.
Kopo lilipojaa ulinipa nilinyanyue.
"Haya ni marobota ya watu," ulisema, "shika vizuri."
Nilikuwa na miaka saba. Nililidondosha juu ya mguu wako.

Watu hawakujua wakuweke fungu gani.
Jina lako Yihya, wakalisikia Yahya,
wakakuletea tende mwezi wa Ramadhani,
ukazila nao baada ya magharibi, ukaomba nyingine.
Jumamosi ulifunga duka, basi Wasabato wa Kirumba
wakakuita ndugu, wakakugawia kitabu cha nyimbo.
Ulitoka Aden na sanduku moja,
ukashuka melini ukisema unakaa wiki mbili.

Wiki mbili zikazaa watoto watano
na Bibi Nyanzobe, aliyejifunza kuwasha mishumaa ya Ijumaa
kabla giza halijaishukia Igogo,
na kukutenganishia samaki:
sato kwako, sangara kwako,
kambare, asiye na magamba, kwa jirani,
ambaye kila alipomla alikuombea maisha marefu.

Ukayapata. Miaka tisini na moja,
na bado hatukutosheka.

Nilitaka kukutungia la kimila, lenye vina,
kwa kuwa ulipenda kitu kinachohesabika:

Fundi uliyepimia, haki pasi kupunguza,
Leo nani 'tatwambia, uzito wa kukuwaza,
Kopo limetusalia, risasi ulizojaza,
Na mimi nimebakia,

hapo kalamu ilikwama.
Mizani nane upande huu, upande wa pili hewa tupu.
Nimeuacha hivyo hivyo.

Siku ya kukuzika, baba mdogo Obadia
alihitaji wanaume kumi ili sala ya wafiwa isomwe.
Akahesabu: yeye, baba, na kaka yangu mwenye mafua.
Watatu. Mwanza nzima, watatu.
Akaja Shabani wa buchani, aproni bado kiunoni.
Akaja mwinjilisti. Wakaja wakulima wanne
ambao hatukuwajua, vumbi hadi kwenye kope,
wakauliza kama hapa ndipo anapozikwa yule wa mizani.
Bibi akasogea, akasimama kwenye mstari.
Hakuna aliyemwondoa.
Obadia akatazama kitabu, akatutazama sisi.
"Sheria haiko hivi," alisema.
Kisha akasoma,
akijikwaa kwenye maneno ambayo hata yeye
alikuwa anayajua nusu nusu,
na wale wakulima wakaitikia amina
mahali pasipotakiwa amina.

Ulitufundisha kwamba kwetu hatuweki maua kaburini.
Tunaweka jiwe.
Na mji huu, Guku, haujawahi kukopa jiwe kwa mtu:
mawe yamelala juu ya nyumba,
mawe yameingia ziwani mpaka kiunoni,
watoto wanaanika dagaa na sare za shule juu yake.

Nimeokota moja njia ya Isamilo.
Kabla ya kuja nililipima nyumbani
kwenye mizani yako ndogo ya shaba,
ile usiyoruhusu mtu aiguse kwa mkono wenye mafuta.
Gramu mia tatu na kumi na mbili.

Nilipiga magoti nikitaka kukuambia
ni nusu kilo.
Ungejua.