Maji Yalipotuacha

Tulianza kupanga mfungo mosi,
mimi na Sikudhani, kwenye meza yake ya cherehani, Keko Machungwa.
Mto Mzinga tuliuchora nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
kalamu ya bluu kwa maji, chaki ya fundi kwa mikoko.
Hapa daraja la Kongowe. Hapa tutakunywa chai.
Na hapa, akasema, akichomeka pini,
hapa mto unachanganyikiwa.

Mtumbwi tuliazima kwa Mwinshehe wa Kijichi
ambaye mkewe anadaiwa na Sikudhani magauni mawili.
Kiraka cha bati ubavuni. Jina limefutika nusu,
limebaki TULI.
Mkiwa majini msigombane, alituasa.
Tukagombana palepale, nani akae tezi.

Orodha ilikaa siku nne kwenye mlango wa friji:
maji lita kumi, kamba ya manila, kopo la kukumbia maji,
chapati kumi na mbili
(usiku mtu alifuta, akaandika kumi na sita),
tochi, na tochi ya pili kwa sababu naijua ile ya kwanza,
simu ndani ya kopo la maziwa ya unga,
mwamvuli.
Mwamvuli nilikata kwa mistari miwili.
Nani anakwenda porini na mwamvuli?

Pori gani, mumewe akauliza kutoka chumbani,
si mnakwenda Mbagala?

Sawa. Lakini mimi ni karani wa bandari,
miaka kumi na moja nahesabu makontena ya watu,
hili la Ndola, lile la Lubumbashi,
na sijawahi kufika mahali
ambapo barabara haikunitangulia.

Jedwali la kujaa na kupwa limebandikwa ofisini.
Nililinakili kwa siri kama barua ya mapenzi:
bamvua, siku, saa, dakika.
Nikasoma mstari wa kesho yake.
Ndiyo, ni mimi. Dakika arobaini.
Dakika arobaini si kitu
hadi uwe umeingia kijito ambacho pini ilikuonya.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.
Makafi yaligongana kwanza, kama wageni mlangoni,
kisha yakazoeana.
Nyuma yetu Kongowe ilikuwa ikipiga honi,
halafu sikumbuki iliacha lini.
Mkoko mmoja. Mikoko kumi. Halafu ukuta,
na yangeyange mmoja juu yake, mweupe kama kosa.
Sikudhani, ambaye husema hata akiwa na pini mdomoni,
alinyamaza mpaka nikageuka kuhakikisha yupo.

Saa tatu maji yakatuacha.
Hayakuaga.
TULI akakaa juu ya matope kama kiti.
Nilisukuma kwa upondo, ukazama hadi kiganjani,
nikauachia, ungali huko mpaka leo.

Hakuna aliyekuwa ameandika hili popote:
saa tano za kukaa.
Kaa wenye gando moja kubwa walitoka mashimoni
wakatupungia, au wakatufukuza.
Visamaki vyenye macho utosini vilipanda mizizi
kukagua nani amekwama.
Jua likafika.
Sikudhani akaingiza mkono chini ya kamba
akautoa: mweusi, wa kwendea misibani, njiti mbili zimevunjika.
Hakusema neno. Akaufungua.
Tulikula chapati tisa chini yake, bega kwa bega,
tukajadili magauni ya mke wa Mwinshehe,
tukaacha kujadili.

Mbali, upande wa Kurasini,
kontena lilitua juu ya kontena.
Moja, nikahesabu, kwa mazoea.
Mbili.
La tatu nililisikia vizuri kabisa
nikaliacha lipite.

Saa nane matope yakaanza kumeta.
Maji yalirudi kama paka wa jirani,
yakanusa kiraka, yakazunguka, yakaingia chini yetu.
TULI akajinyanyua kidogo.
Makafi yalikuwa miguuni.
Nilimngoja Sikudhani ashike lake.
Naye, nadhani, alikuwa akiningoja mimi.