Tundu la Tatu

Mama husonga ugali wa Igogo:
kilima, na juu yake moshi.
Nakata kipande cha ngumi moja,
nasukumia sinia kwa Kwilasa, mdogo wangu.
"Nani kakuroga?"
Hakuuliza kwa hasira. Kwa hofu.
Kwetu anayepunguza tonge
anaumwa, au ana deni.

Namweleza: mama, natafuta misuli,
sitaki kitambi kije nayo.
Anacheka hadi mwiko unamponyoka.
"Misuli gani hiyo, inayoota bila ugali?"

Lakini alfajiri, kabla sijapanda kwa Lugembe
kunyanyua madebe ya zege
tuliyoyamimina wenyewe, yakashikana na bomba bovu la maji,
nakuta kanifunikia bakuli:
dagaa wa kuchemsha, hawajaonja mafuta,
maharage,
yai la yule tetea wake anayetaga kwa kuringa.
Pembeni matobolwa, vipande viwili.
Nimevihesabu. Viwili. Mama huyu huyu.

Jumamosi, mwaloni Kirumba,
magunia ya dagaa yakishapimwa,
Ndaki ananiachia nipande mizani.
Mshale unatetemeka, unasita, unatulia:
kilo moja na nusu imeongezeka toka mwezi uliopita.
Napapasa mkanda.
Tundu la tatu, lile lile.

Nyumbani namwambia. Hajibu.
Ananishika mkono juu ya kiwiko,
anabonyeza kwa dole gumba, anaachia, anatazama,
kama anavyobonyeza sato sokoni
kujua kama ni wa leo.