Mshiriki wa Kumi na Nne

Bi Prosser alisema: tafuteni watu ishirini,
wasomeeni maneno kumi na mawili, polepole,
bila kupandisha sauti wala kushusha,
kisha wapeni karatasi, dakika moja, na kimya.

Kitanda. Mto. Shuka. Usiku.
Ndoto. Miayo. Blanketi. Kukoroma.
Uchovu. Giza. Lepe. Alfajiri.

Usingizi haumo.
Huo ndio mtego, na mtego ndio somo:
akili haivumilii pengo, hulijaza,
halafu huapa kwamba halikuwapo.

Tulikuwa kidato cha sita, Port Talbot,
darasa linanuka soksi za raga,
na dirishani dohani za kiwanda cha chuma
zilizoacha kupumua tangu Septemba.
Tegid alichagua saikolojia akiikimbia hisabati,
akakuta hisabati imemtangulia, imekaa kiti cha mbele.
Angharad alitaka kujua kwa nini mama yake aliondoka.
Akapewa sura ya nne, na picha ya nyani mchanga
aliyekumbatia waya uliovishwa taulo.
Akafunga kitabu, akaomba ruhusa ya kwenda chooni,
hakurudi mpaka kengele.
Mimi sikuwa na sababu. Nilipenda tu
jinsi grafu inavyomtuliza mtu.

Mshiriki wa saba, mkaanga chipsi,
aliandika usingizi, akaupigia mstari.
Wa kumi na moja, mchungaji wa Bethania,
aliutanguliza mbele ya yote.
Mamgu aliuandika mara mbili, akadai biskuti.
Watu kumi na watatu, na wote kumi na watatu
walikuwa wamesikia nisichokisema.
Nadharia tete yangu ilikuwa inanenepa.

Kisha baba.
Miaka ishirini na sita ya zamu za usiku
kabla tanuri halijazimwa.
Alisoma fomu ya ridhaa kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama mtu aliyewahi kutia saini haraka mahali fulani.
"Nikitaka kujitoa, naweza?"
"Wakati wowote. Bila kutoa sababu. Imeandikwa hapo."
Akacheka kwa pua.
"Fomu nzuri hii," akasema.

Aliandika maneno tisa.
Uchovu. Giza. Alfajiri. Mengine yakafuata.
Nikapekua karatasi, nikaigeuza na mgongo.
Mtafiti haruhusiwi kuuliza. Nikauliza.
"Usingizi je? Hukuusikia?"
"Hukuutaja," akasema baba.
"Ungeutaja, ningeusikia."

Sasa zile sauti za saa tisa usiku
nilizodhani ni mabomba ya maji yakipoa:
birika. Kiti. Kijiko kikizungushwa
kwa adabu, kisiguse kikombe.
Miezi mitano, ukuta mmoja kati yetu,
nilikuwa nimemwandikia baba usingizi
ambao hakuna mtu aliyeusoma.
Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.
Mimi nilijiona nawajua, hata nimewahesabu.

Ripoti hairuhusu jina. Hairuhusu "baba".
Nikaandika: *Mshiriki wa 14 hakuonyesha kumbukumbu ya uongo.*
Bi Prosser akaandika pembeni, kwa wino wa kijani:
*Tokeo lisilo la kawaida. Eleza.*
Nikaeleza. Huenda mshiriki alikuwa makini kuliko wenzake.
Huenda chumba kilikuwa kimya zaidi.
Nikapata alama mbili kati ya tatu.

Lakini kuna kanuni ya mwisho, ukurasa wa tisini,
ambayo Tegid huiruka na mtahini haiulizi:
*utafiti ukiisha, mrudie mshiriki,
mwambie ulichokuwa unakitafuta.*

Saa tisa na robo nikashuka ngazi bila viatu.
Taa ya jiko ilikuwa imewashwa, ile ndogo ya juu ya majiko.
Hakuuliza kwa nini niko macho.
Akasogeza kiti kwa mguu,
akatoa kikombe cha pili,
na safari hii kijiko kikagonga.