Hodi Elfu Sitini na Tano

Tabata Kisukuru, saa tatu kasoro usiku.
Umeme umerudi, feni inajikokota.
Dirisha lina nondo za unene wa kidole gumba,
juu ya ukuta nimepandikiza vigae vya chupa,
geti lina komeo, komeo lina kufuli,
na ufunguo wa kufuli nalala nao.
Halafu hii kompyuta,
mtumba wa Kariakoo, niliyoipigania bei nusu siku,
kumbe ina milango elfu sitini na tano na ushei
nami sijawahi kushika hata kitasa kimoja.

Nikampigia Hamdani, mpwa wangu, yuko Kigamboni.
"Gonga," nikamwambia. "Gonga kama mwizi."
"Mwizi hagongi, shangazi."
"Huyu anagonga. Gonga yote."

Akaanza. Simu begani, namsikia
akihesabu kama karani wa kura.
Ishirini na moja: umefungwa.
Ishirini na mbili: umefungwa.
Ishirini na tatu: "Shangazi, huu umeitika."
Umeitika!
Mlango hata jina lake silijui
umemwambia mgeni karibu, starehe.
Mia nne arobaini na tano: wazi,
na nyuma yake hesabu za kikoba,
nani kakopa, nani kakimbia,
na cheti cha kifo cha baba.
Elfu tatu mia tatu themanini na tisa.
Hapo Hamdani akashusha sauti:
"Anayepita huu anakaa kwenye kiti chako."
Nikainuka. Nikakitazama kiti.

Nikafunga huu, nikafunga ule.
Nikabadili neno la siri la ruta,
lile la kiwandani, ambalo mtaa mzima unalo.
"Bado," akasema. "Mlango uliofungwa unajibu:
hatupo. Mwizi akisikia hatupo
anajua pana nyumba.
Iambie ngome isijibu kabisa."

Vidole vikasita.
Mimi nimelelewa Tandika, na mama yule,
hodi haikuachwa ikaanguka chini.
Hata mdai alipokuja aliitikiwa karibu,
ndipo uongo ukaanza.

Nikabonyeza.
Hamdani akarudia, mlango kwa mlango.
Kimya. Kimya. Kimya.
"Ni kama hapana nyumba," akasema,
na alikuwa ananisifu.

Saa tatu na nusu, getini:
Hodi.
Mkono uko juu ya kipanya.
Hodi, wenyewe?
Sijui nini kilinipata, nikazima skrini.
Nikakaa gizani na moyo wangu, tukihesabu.
Hodi ya tatu, ya adabu, ya mwisho,
kisha ndala zikarudi zilikotoka
zikiburuza mchanga.

Asubuhi nikafungua kufuli, komeo, geti.
Chekeche langu limeegemezwa ukutani,
lile alilolikopa Mama Tunu juzi,
limeoshwa,
na kando yake, ndani ya mfuko uliofungwa fundo,
maandazi manne.
Sisimizi walishapata njia.